Kliniki Iliyofuata Mbalamwezi

Vijana wangu wa kliniki ya selimundu, siku mliyoniaga mlinimwagia sifa hadi nikageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine anayeagwa. Mkanipa jiko la gesi na vitenge, mkanilisha keki mbele za watu kama bibi harusi. Kisha mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, akaniuliza, "Sista Kemi, hivi zamani mlikuwa mnatibu na nini?" Aliuliza kana kwamba mimi nilianza kazi enzi za Wajerumani! Haya, kaeni niwasimulie. Muda ninao, chai ipo jikoni, na migomba yangu hapa Hamugembe haijawahi kuniamsha ikitaka kuwekewa dripu.

Vyeo nitavipita. Vilikuja kwa kuchelewa na havikunizuia kuosha beseni. Nitawaambia ya siku ya kwanza, ya watu walionifundisha, na ya ule mwaka tulipolazimika kuangalia angani ndipo tukajua siku ya kliniki.

Siku ya kwanza wodi ya watoto, Bukoba, niliingia na viatu vyeupe vilivyonibana vidole. Muuza mtumba alikuwa ameniapia kwamba vitatanuka. Havikutanuka, ni mimi niliyevizoea. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Apolonia, mama wa Kashozi, mpana, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliye upande wa pili wa barabara. Akanitazama ninavyochechemea, akasema, "Waitu, mwenzetu, wewe umekuja kuuguza au kuuguzwa?" Akina mama wote wodini wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye mwenzangu mmoja akaninong'oneza kwamba alfajiri ile walikuwa wamempoteza mtoto, na tangu hapo hakuna mama aliyekuwa amefungua kinywa. Sista Apolonia alikuwa amenitumia mimi na viatu vyangu kuwarudishia pumzi.

Mtoto yule alikuwa na selimundu. Kwa ajili ya wajukuu zangu watakaosoma hapa bila kuwa wauguzi, huu ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao. Chembe zake nyekundu, badala ya kuwa duara laini, hujikunja kama mundu na kunasa kwenye mishipa midogo. Damu isipopita, mifupa inauma, tena inauma kweli. Mtoto anavimba viganja, macho yanakuwa ya njano, damu inapungua, na homa ndogo tu inaweza kumchukua. Kwetu kandokando ya Ziwa watoto hawa ni wengi, na zamani wengi wao walizikwa kabla mtu hajajua jina la kilichowaua.

Mnauliza tulitibu na nini? Tulikuwa na vidonge vya kuongeza damu, dawa ya malaria, penisilini, maji mengi, blanketi, na damu ya shangazi akipatikana shangazi mwenye moyo. Kupima tulipima kwa tone la damu juu ya kioo. Unatia dawa, unafunika, unaziba pembeni kwa nta ya mshumaa hewa isiingie, unasubiri, halafu unachungulia kwenye darubini kama chembe zimejikunja. Darubini yetu ilitegemea mwanga wa dirishani, na Bukoba mawingu ni wenyeji kuliko sisi. Kuna siku tuliibeba hadi uani, tukawa tunapima damu huku kuku wa mlinzi wanatuzunguka. Mkilalamika kwamba mashine yenu inachelewa kuwaka, mimi hucheka moyoni.

Sista Apolonia ndiye aliyenipa vitu viwili ambavyo chuoni sikuvipata. Cha kwanza: pasha mikono yako kwapani kabla ya kumgusa mtoto wa selimundu, maana mkono wa baridi kwenye goti lake ni kofi. Cha pili alinipa siku alipoona nimeinama kitandani namuuliza binti mmoja kama anaumwa. Alinivuta kando. "Kemi, huyu usimuulize kama anaumwa. Muulize wapi." Mpaka leo nikikutana na mtoto wa kliniki hata sokoni, swali linalonitoka ni hilo.

Binti yule aliitwa Adventina. Kitanda cha jirani alilazwa mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa mjini, ugonjwa huohuo, umri huohuo. Walikuwa marafiki, wanagawana uji na kugombania mdoli. Siku moja yule baba akaja na kopo la vidonge alivyoletewa kutoka nje ya nchi. Jina lake lilimshinda kila mtu wodini: haidroksiyurea. Mtoto wake akaanza kumeza. Miezi ikapita hatumwoni tena, tukadhani wamehama. Halafu siku moja akaletwa kusalimia tu, mashavu yamejaa, anakimbia kwenye korido hadi mlinzi anamkaripia. Adventina alikuwa kitandani kwake, amekunja magoti, anamwangalia.

Nililia stoo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Sista Apolonia akanikuta huko. Hakunibembeleza. Alisema, "Kwa hiyo dawa ipo. Miaka yote nilidhani haipo, nikawa nalala. Kumbe ipo, ila haijui njia ya kuja kwa Adventina." Adventina tulimzika kabla hajamaliza shule ya msingi. Namtaja hapa ili mjue kwamba niliposumbua wakubwa wenu kwenye vikao, sikuwa nasumbua kwa sababu ya ubishi peke yake. Ubishi nao ulikuwepo, sikatai.

Nikahamishiwa Muleba. Huko nilipewa kazi ya kwenda vijijini kuelimisha, na huko ndiko nilikojifunza kwamba mtu haelimishwi kwa mabango. Katika kijiji cha Kishanda nilimkuta Ta Projesti, mzee wa heshima, mwenye kibanja kizuri cha kahawa na migomba, mwenye mtoto wa uzeeni aitwaye Deo. Deo alikuwa na selimundu, na ukoo mzima ulikuwa umekwisha kuamua kwamba tatizo limeletwa na mkewe. Nikamwambia, mzee, ugonjwa huu unatoka kwa wazazi wote wawili. Akaniangalia kwa upole wote wa Kihaya, ule upole unaokuambia kwamba kikao kimekwisha. "Ma Kemi, kwetu hakuna ugonjwa huo."

Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, kahawa mbivu imeanikwa pembeni. Nikaokota tunda moja, nikalibinya, zikatoka punje mbili. Nikamwambia, kila mzazi ana punje mbili za damu, na kila mtoto anapewa punje moja na baba, moja na mama. Wewe una moja nzima na moja mbovu, kwa hiyo huumwi. Mkeo vilevile. Deo amepata ile mbovu kwako na ile mbovu kwa mama yake. Mzee akalichukua lile tunda, akaligeuzageuza hadi nikajuta. Kisha akaita, "Mama Deo! Njoo! Kumbe tumechanga wote!" Akacheka hadi akakohoa, na mkewe akasimama mlangoni na kikapu chake akitokwa machozi. Mke yule alikuwa amebeba lawama ile tangu Deo anyonye. Tangu siku hiyo nimefundisha selimundu kwa kahawa, na nawasihi msije mkarudia mabango.

Kisha dawa ikajifunza njia. Vijana, ninyi mmeikuta ipo kabatini kama chumvi, hamwezi kujua siku ile ilivyokuwa. Daktari Mutalemwa, aliyekuwa mkuu wa kliniki yetu, aliingia amekumbatia boksi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mtu wa maabara alikuwa amekwisha kuletewa mashine mpya ya kupima damu yote kwa mara moja. Tulipiga vigelegele hadi mhasibu akaja kuuliza nani amejifungua. Mimi niliinama chini ya meza kana kwamba naokota kalamu, nikamlilia Adventina kidogo, nikainuka nikaendelea na kazi.

Furaha ile haikumaliza wiki kabla ya hesabu kutukwamisha. Makopo yalikuwa machache, watoto wengi. Dawa yenyewe si pipi: inamfanya mtoto atengeneze damu laini kama aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, lakini ikizidi inapunguza askari wa mwili, ndiyo maana lazima damu ipimwe kila mwezi. Kwa hiyo kikao kikatunga kanuni. Kliniki itakuwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Atakayekosa mara mbili mfululizo, nafasi yake apewe mwingine anayesubiri. Ilionekana ni kanuni ya haki kabisa. Haikuuliza kabila, dini wala mfuko. Sote tuliipenda.

Miongoni mwa watoto wa mwanzo kuandikishwa alikuwa Nyamisi. Mama yake ni mtu wa Ukerewe aliyefuata dagaa hadi visiwani kwetu, anafanya kazi ya kuanika kambini. Nyamisi alikuwa mwembamba, macho makubwa ya njano, na mdomo! Siku ya kwanza aliniuliza, "Wewe bibi, mbona unaweka mikono kwapani, unanuka?" Mama yake alitaka kuzama sakafuni. Mimi nilimpenda palepale. Alimeza dawa, akapimwa, akaondoka. Mwezi uliofuata hakuja. Uliofuata hakuja tena. Na si yeye pekee, watoto wote wa visiwani walikuja mwezi mmoja na kupotea miwili. Wakapewa jina: watoro. Nafasi ya Nyamisi akapewa Deo wa Ta Projesti, ambaye alikuwa anasubiri kwa zamu yake na alikuwa anaumwa kweli, wala hakuna aliyekosea kumpa.

Halafu Jumatano moja mama Nyamisi akatokea, mtoto mgongoni, mtoto mkubwa wa kwenda shule lakini yuko mgongoni kwa sababu mguu ulikuwa umevimba. Nikamweleza kanuni. Nilitegemea atanitukana, na ningemwelewa. Akauliza tu, "Sasa alipewa nani?" Nikamwonyesha Deo, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na baba yake. Mama Nyamisi akamtazama yule mtoto, akasema, "Basi msimnyang'anye. Naye anaumwa." Akaketi benchi lilelile kumpumzisha binti yake. Niliwaacha hapo, yeye na Ta Projesti, wakiongea Kiswahili cha watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa nacho. Kulikuwa na foleni, nikaenda zangu.

Miezi kadhaa baadaye mtu wa maabara akaniita. Damu ya Deo ilikuwa inamshangaza. Dawa hii ikimezwa ipasavyo, chembe za damu zinanenepa, mashine inaonyesha. Za Deo hazikunenepa. Deo mwenyewe alikuwa amelazwa kwa maumivu wiki iliyotangulia. Daktari akafikiria kuongeza dozi. Nikamwambia, ngoja kwanza niende Kishanda.

Ta Projesti alinipokea kwa heshima zote, nikaletewa kiti, nikaletewa kahawa ya kutafuna. Nikamuuliza, mzee, Deo anameza dawa kila siku? Akajibu bila kupepesa jicho, "Siku moja anameza, siku moja hamezi. Ile siku asiyomeza ni ya mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Yule binti wa kisiwani. Mama yake akivuka anapita hapa, nampa nusu."

Nikawaka! "Ta Projesti! Ni nani aliyekuambia dawa inagawanwa?"

Mzee akashangaa kweli, si kujifanya. "Wewe, Ma Kemi. Si ulitufundisha hapahapa? Tunda moja, punje mbili. Nikaona nina tunda, mwenzangu hana. Sasa nile zote mbili mimi, halafu nikipita njiani nimtazame yule mama usoni? Nilimpa kahawa siku ile kwenye benchi, tukatafuna pamoja. Mtu uliyetafuna naye kahawa, mtoto wake si wako?"

Nisomeeni hapa kwa makini, vijana wangu: hasira ilikuwepo, kicheko kikaja, halafu machozi yakapita katikati, vyote kwa wakati mmoja, kahawa ikiwa bado mdomoni. Sisi tulikaa kikao na chai na maandazi, tukatunga kanuni ya haki iliyomwacha mtoto nje. Wawili hawa walikaa kwenye benchi, wakatunga haki ambayo haikumwacha mtu nje, lakini dozi yake haimtibu yeyote. Watoto wawili walikuwa wanameza nusu, na nusu haikuwa inawalinda. Nilimweleza hivyo polepole. Alipoelewa kwamba Deo alilazwa kwa sababu hiyo, akashika kichwa. Kisha akauliza swali lililonitesa njia nzima ya kurudi: "Kwa hiyo nichague mtoto?"

Nilimwambia hapana, asichague, anipe muda hadi mama Nyamisi atakapovuka. Lini atavuka? Mzee akajibu kama anayetaja siku ya gulio, "Mbalamwezi ikitoka."

Mbalamwezi ilipotoka, mama Nyamisi alivuka. Nilikuwa nimemwachia ujumbe Kishanda, akaja moja kwa moja hospitali. Safari hii Nyamisi alikuwa anatembea, ila kwa shida, na mdomo wake wote umekwisha. Hakunitania. Hilo lilinitisha kuliko mguu. Nikawapeleka wote kwa Daktari Mutalemwa, nikafunga mlango, nikamwambia mama, hebu mweleze daktari kwa nini hamji Jumatano ya kwanza.

Mama Nyamisi akaonekana kutuonea huruma. "Daktari, dagaa huvuliwa kwa taa. Wakati wa giza, dagaa anafuata taa, mitumbwi inaingia kila asubuhi imejaa. Nikiondoka, dagaa wanaoza, na tajiri anaweka mwanika mwingine. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hafuati taa. Kambi inalala. Hapo ndipo watu wanavuka, wanakwenda makwao, wanakwenda kanisani, wanaoa. Jumatano yenu ikiangukia mbalamwezi, nakuja. Ikiangukia giza, nitakujaje?"

Daktari akaanza kucheka kichinichini, akajipiga paji la uso. "Mimi ni mtoto wa Muleba. Nimekula dagaa hao tangu sina meno. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kuna wiki hawapatikani wabichi." Alikuwa mtu mzuri, Daktari Mutalemwa, hakuwa na aibu ya kucheka juu yake mwenyewe, na ndiyo sababu nilimsumbua kuliko wengine.

Basi kikao kikaitishwa upya. Nilisema sana siku ile, walioniambia baadaye kwamba nilipiga meza wanasingizia, niliigusa tu kwa nguvu. Hoja yangu ilikuwa hii. Dawa huagizwa kwa kuhesabu waliohudhuria. Asiyefika hahesabiwi, asiyehesabiwa haagiziwi, na siku akifika, dawa yake haipo. Watoto wa visiwani tuliwafunga nje kisha tukawaita watoro. Mfamasia akasema hospitali haiwezi kuendeshwa na mwezi. Daktari akamjibu kwamba wodi ya wazazi inaendeshwa na mwezi tangu dunia iumbwe. Kicheko kilipoisha, tulikubaliana kujaribu: kliniki ya mbalamwezi, tena si hospitali bali mwaloni kwenyewe, pale boti za visiwani zinapotia nanga. Kuhusu Nyamisi, daktari hakungoja oda mpya. Alipiga simu palepale kwa mwenzake wa Bukoba, akamwomba amwazime makopo, akazungumza Kihaya kitamu hadi yule akashindwa kukataa. Mtoto akaanza dozi kamili siku hiyohiyo, na Deo akarudishiwa yake.

Sasa likabaki suala dogo: nani anajua mbalamwezi ni lini? Sisi wauguzi tulijua zamu. Jirani yangu Bwana Issa, wa msikiti wa hapa Hamugembe, ndiye niliyemfuata. Niliporudi nyumbani mwisho wa wiki nilimkuta kibarazani jioni, nikamwomba kalenda ya Kiislamu. Akanitazama juu hadi chini. "Sista Kemi, mama mzee wa kanisa la Kilutheri! Karibu, karibu sana, nimwite shekhe?" Nilimweleza, akacheka, akaniletea kalenda na kunionyesha tarehe za mwezi mpevu. Ikaning'inizwa kliniki, juu ya mizani ya watoto. Mchungaji alipokuja kuombea wagonjwa aliitazama, akanitazama, nikamwambia ni kifaa cha tiba. Akaiombea pamoja na mashine ya damu.

Kliniki ya kwanza mwaloni, naikumbuka kama harusi. Tulipanga meza chini ya paa la bati la kupimia samaki, harufu yake mnaijua. Mtu wa maabara akawa anahangaika na boksi la baridi na kufukuza marabu, wale ndege wakubwa wenye upara, waliodhani ameleta vichwa vya sangara. Mfamasia alikuja na uso wa kusema niliwaambia. Kweli, saa zikaenda, maji matupu. Nilianza kusali kimyakimya. Ta Projesti alikuwa amekuja na mkungu wa ndizi kwa baiskeli, bila kualikwa, akaniambia, "Tulia, Ma Kemi, boti haina mguu wa kukimbia."

Ikaja. Ilijaa watoto! Akina mama walikuwa wameitana kambi hadi kambi, na walileta hata wale ambao hatukuwajua, waliokuwa wakiumwa miaka yote bila kupimwa. Wajita, Wakerewe, Wasukuma, Wahaya, wote wamevaa nguo za sikukuu kwa sababu ilikuwa mbalamwezi na watu wamevuka kutembea. Mama mmoja alinikabidhi mtoto kwa mkono mmoja na mfuko wa dagaa kwa mkono wa pili. Tuliishiwa vioo, tukaishiwa sindano, mfamasia akaishiwa na ule uso wake. Jioni aliniambia, "Sista, oda ijayo itabidi niandike hesabu ambayo makao makuu watadhani nimelewa." Nikamwambia andika, na wakija kukagua walete kwenye mbalamwezi. Waliandikiwa, na baada ya kupigiwa simu nyingi, dawa ilikuja.

Haikuwa rahisi kila mara. Kuna mbalamwezi upepo ulizuia boti, kuna mbalamwezi makopo yalipungua na tukabishana nani aanze. Daktari alisema aanze anayeumwa zaidi, si aliyefika kwanza, na tulishika hilo hata aliyekuja kwanza alipokuwa ndugu wa mtu mkubwa. Nawaomba mlishike. Pokezaneni zamu za kwenda mwaloni, msiwaachie vijana wapya tu. Beba maji ya kunywa yako na ya mtoto mwingine. Na mgonjwa asipofika, kabla hujamwita mtoro, uliza kazi yake inamwachia lini.

Nilistaafu mbalamwezi hii iliyopita, kwa hiari yangu nikaomba siku ya mwisho iwe ya mwaloni. Mlikuwepo wengine wenu. Mnakumbuka binti mrefu aliyeshuka kwenye boti na sare ya sekondari, amebeba mfuko wa mama yake kichwani na viatu mkononi? Alikuwa Nyamisi. Macho meupe. Alinikumbatia, akaninusa kwapani makusudi, akasema, "Bibi, bado!" Nikampiga kofi la mgongo.

Akakaa mbele yangu kwa maswali ya kawaida, yale tunayowauliza wote, nami nikaona nimalize kazi yangu kwa kuyauliza vizuri. Unameza kila siku? Ndiyo. Homa? Hapana. Nikamuuliza, "Mara ya mwisho kulazwa ilikuwa lini?"

Nyamisi akafungua kinywa ajibu. Akakunja uso. Akatazama juu, akahesabu kitu kwa vidole, akaacha. Kisha akamgeukia mama yake aliyekuwa akisaidia kushusha mizigo.

"Mama! Hivi mimi nililazwa lini?"

Mama Nyamisi akasimama na mzigo mikononi. Akafikiri. Nikaona midomo yake inacheza bila sauti, anatafuta. Hakupata. Akautua mzigo chini, akaanza kucheka, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika.

Nikaandika: hakumbuki.